Ndoto za Yosefu na Ndoto Zetu
(Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka A)



Injili ya Dominika hii yatuonyesha mtu mwenye haki aliyelala usingizi akiwa na uzito moyoni. Yosefu, seremala wa Nazareti, amekwisha kukata shauri la kumwacha Maria kwa siri ili asimwaibishe. Usiku ule malaika wa Bwana anamtokea katika ndoto. Asubuhi Yosefu anaamka, hasemi neno, anatenda alivyoagizwa. Mwinjili Mathayo ataja ndoto mara sita katika kitabu chake: nne ni za Yosefu, moja ni ya Mamajusi, na ya sita ni ya mke wa Pilato, aliyesumbuka usiku kwa ajili ya Yesu mwenye haki. Kati ya Waandishi wanne wa Injili ni Mathayo peke yake anayetusimulia ndoto.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria hatuwezi kuisoma Injili hii kana kwamba yahusu watu wa mbali. Huku kwetu ndoto si jambo dogo. Mtu akiota marehemu babu yake, asubuhi huketi na wazee. Mtoto akilia mfululizo, huulizwa ni nani aliyeonekana ndotoni. Mgonjwa akiota usiku anakabwa koo, nyumba nzima huuliza: ni nani huyo? Swali hilo la mwisho limewahi kuwatoa watu uhai. Ndiyo maana inatupasa tuulize kwa makini: Mungu husema nasi katika ndoto? Na kama husema, tutaitambuaje sauti yake?

Tuanze na Agano la Kale. Wahenga wa Israeli hawakuidharau ndoto. Katika Kitabu cha Mwanzo, Mungu anamwonya Abimeleki, mfalme wa Gerari, asimguse Sara mke wa Abrahamu. Anamwonyesha Yakobo ngazi pale Beteli, wakati Yakobo ni mkimbizi aliyelaza kichwa juu ya jiwe. Anamwonya Labani asimdhuru Yakobo. Baadaye anamtokea Sulemani huko Gibeoni, na kijana yule mfalme anaomba moyo wa kuwaamua watu kwa haki, haombi mali wala maisha marefu.

Tazameni tena Yosefu mwana wa Yakobo. Ndoto zake za ujana zilimletea chuki ya ndugu zake na kumfikisha Misri kama mtumwa. Gerezani aliwafasiria ndoto mnyweshaji na mwokaji wa mfalme. Hatimaye aliitwa mbele ya Farao, aliyeota ng'ombe saba wanono na ng'ombe saba waliokonda, masuke saba mema na masuke saba makavu. Yosefu alitamka mbele ya mfalme kwamba tafsiri haitoki kwake bali kwa Mungu. Kisha akatoa shauri ambalo mkulima yeyote wa Kwimba au Magu angelielewa: katika miaka saba ya neema itengwe sehemu ya tano ya mavuno, ijazwe ghalani, ili miaka saba ya njaa isiliangamize taifa. Ndoto ile iliishia katika ghala la nafaka. Wenye njaa walikula, hata wale ndugu waliomwuza.

Lakini Maandiko hayohayo yana onyo kali. Kumbukumbu la Torati, sura ya 13, yafundisha kwamba akitokea mwota ndoto na kutoa ishara, na ishara hiyo ikatokea kweli, lakini akawavuta watu kwenye miungu mingine, asisikilizwe. Ndugu zangu, tuutafakari ukali wa fundisho hilo. Kutimia kwa ndoto si uthibitisho kwamba imetoka kwa Mungu. Nabii Yeremia, katika sura ya 23, anawakemea manabii waliopita wakitangaza ndoto zao wenyewe kana kwamba ni neno la Bwana. Anatofautisha makapi na ngano. Mhubiri aliona kwamba ndoto nyingi huzaliwa na shughuli nyingi. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, asema kwamba ndoto zimewapoteza wengi, na kwamba anayezishika ni kama mtu anayekimbiza upepo. Ila anaongeza kwamba haihusu ndoto iliyotumwa na Aliye Juu mwenyewe.

Basi Biblia ina pande mbili, nazo hazipingani. Mungu ni huru kusema na mwanadamu hata akiwa usingizini, lakini mwanadamu hana ruhusa ya kuipa kila ndoto muhuri wa Mungu.

Kanisa la mwanzo lilirithi busara hiyo, na mashahidi wake wakubwa katika jambo hili ni Waafrika. Mwaka 203, mjini Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, mama kijana aitwaye Perpetua alifungwa gerezani kwa sababu ya imani, akiwa na mtoto mchanga. Aliomba kwa Mungu aonyeshwe kama wangefunguliwa au wangeuawa. Akaona ngazi nyembamba ifikayo mbinguni, kandokando yake imepangwa silaha kali, na chini yake joka. Juu alimkuta mchungaji mwenye mvi akikamua kondoo, naye akampa kipande cha jibini. Alipoamka alifahamu kwamba wanakwenda kufa, akajiandaa. Hakutafuta ndotoni jina la mtu aliyemsaliti, bali aliupokea ujasiri wa kumfuata Kristo.

Karibu miaka mia na sabini baadaye, katika Afrika hiyohiyo ya Kaskazini, Mtakatifu Monika alikuwa akimlilia mwanawe Augustino aliyepotea katika mafundisho ya Wamani. Akaota amesimama juu ya ubao wa kupimia, na kijana mwenye kung'aa akimwambia atazame: pale aliposimama yeye, mwanawe naye amesimama. Augustino alijaribu kuigeuza ndoto, akidai kwamba maana yake ni kuwa mama atamfuata mwana. Mama akajibu papo hapo kwamba hakuambiwa hivyo. Ikapita miaka karibu tisa ya machozi na sala kabla Augustino hajarudi. Alibatizwa Milano wakati wa Pasaka ya mwaka 387. Ndoto haikumpunguzia Monika sala hata siku moja.

Augustino asimulia jambo jingine lenye mafundisho makubwa kwa makatekista. Kulikuwa na mipango ya ndoa yake, naye akamwomba mama aombe maono juu yake. Monika aliota, lakini alivisimulia alivyoviona kwa dharau, akisema ni mawazo ya moyo wake tu. Alikuwa na namna ya kuonja, ambayo hakuweza kuieleza kwa maneno, tofauti kati ya neno la Mungu na ndoto ya nafsi yake. Kumbe hata mtakatifu aliyewahi kuota ndoto ya kweli alijua kwamba ndoto nyingine ni zake mwenyewe!

Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliyapanga mambo haya kwa utaratibu. Alitaja vyanzo sita vya ndoto: tumbo lililojaa, tumbo tupu, udanganyifu, mawazo yetu yakichanganyika na udanganyifu, ufunuo, na mawazo yetu yakichanganyika na ufunuo. Kwa kuwa vyanzo ni vingi hivyo, alifundisha kwamba tusiwe wepesi kuziamini. Leo tungeweza kuongeza kwa lugha ya zahanati: homa ya malaria huleta ndoto za kutisha, na lile jinamizi linalomfanya mtu ajione amekabwa asiweze hata kupiga kelele hutokea akili inapozinduka kabla ya viungo vya mwili. Mtu huyo hakukabwa na jirani.

Sasa turudi ufukweni kwetu. Wasukuma tangu zamani waliamini kwamba masamva, yaani wahenga waliotangulia, hukumbusha walio hai wajibu wao, na ndoto ni mlango mmoja wa kukumbusha huko. Wajaluo wa pwani ya Mara walimpa mtoto jina la marehemu aliyetokea ndotoni. Katika desturi hizi kuna ngano: heshima kwa wazazi, hakika kwamba kifo hakivunji upendo, utambuzi kwamba mwanadamu hajitoshelezi. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyeanzisha kazi ya Bujora miaka ya 1950, alitumia maisha yake kuitafuta ngano ya namna hiyo katika ngoma, nyimbo na ishara za Kisukuma, ili iletwe mbele ya altare. Kanisa haliitupi ngano kwa sababu imelala pamoja na makapi.

Na Mungu hakungoja meli za wamisionari ndipo aanze kusema na watu wa Ziwa hili. Mtakatifu Mathias Kalemba Mulumba alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto na kupelekwa Buganda. Mlezi wake, mzee aliyemfanya kuwa mwana, alimwachia neno kabla ya kufa: kwamba Waganda hawakuwa na ukweli wote, na kwamba siku moja watakuja watu wa kufundisha njia iliyo sawa. Mathias alilishika neno hilo moyoni. Alijifunza kwanza kwa Waislamu, kisha kwa Waprotestanti, ndipo akaja kwa Mapadre. Hakuridhika na neno la mzee peke yake. Alilipima kwa kutafuta, kuuliza na kujifunza, akabatizwa tarehe 28 Mei 1882. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Mei 1886, alikufa kwa mateso makali huko Kampala, na mwaka 1964 Papa Paulo VI alimwandika pamoja na wenzake katika orodha ya watakatifu.

Kuhusu mapadre hao, Mwanza ina sehemu yake katika historia, nayo yatukumbusha sana safari za Yosefu. Wamisionari wa Afrika walifika pwani ya kusini ya Ziwa, pale Kageye, na kutoka huko Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walisafiri kwa mtumbwi, wakafika Buganda mwezi Februari 1879. Lakini mwishoni mwa mwaka 1882 hatari ilizidi katika ikulu ya Kabaka Mutesa. Mapadre wakavuka Ziwa kuja kusini, wakafanya makazi Bukumbi, mwendo mfupi kutoka mji wa Mwanza. Bukumbi ikawa Misri yao. Huko nyuma, Wakristo wachache waliobaki bila padre walisali, walifundishana, na idadi yao ikaongezeka. Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, na mwaka 1885, kwa mwaliko wa Kabaka mpya Mwanga, mapadre walirudi. Hesabu ya wafiadini ilianza mwaka huohuo.

Tena sikilizeni yaliyofuata. Mwanga, aliyewaua Wakristo mwaka 1886, alipinduliwa mwezi Septemba 1888. Akakimbilia kusini mwa Ziwa, na katika tabu zake akapata hifadhi Bukumbi, katika nyumba ya mapadre walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto Namugongo. Hawakumlipiza kisasi. Naye alirudi kwenye kiti chake mwaka 1889 akisaidiwa na Wakristo. Yosefu mwana wa Yakobo aliwalisha ndugu waliomwuza. Bukumbi ilimpa paa mtesi. Mpango wa Mungu una alama zake, na alama mojawapo ni kwamba humwokoa hata aliyetukosea.

Ndugu zangu, sasa tuguse jeraha. Pwani hiihii iliyomhifadhi mtesi imewamwaga damu wasio na kosa. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali, watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wao vikongwe. Bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi miaka hamsini, macho yake yakawa mekundu kwa moshi, aliambiwa kwamba wekundu huo ni ushahidi. Mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984. Na kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, albino, wakaanza kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa ahadi za utajiri kwa wavuvi na wachimba madini. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzuia shughuli za waganga wa jadi. Watoto wengi wa aina hiyo walipata kimbilio katika shule ya Mitindo, Misungwi, mbali na mama zao.

Yanahusianaje na ndoto? Njia yake twaijua sote. Mtoto anafariki, au ng'ombe wanakufa, au nyavu zinarudi tupu kutoka mwaloni. Usiku mfiwa anaota uso fulani. Asubuhi anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hamtaji mtu. Anauliza tu, kwa hila, ni nani uliyemwona? Na mfiwa mwenyewe, kwa huzuni na hofu, analitaja jina: shangazi, mama mkwe, jirani mjane. Ndoto iliyozaliwa na msiba imegeuzwa hukumu ya kifo, na fedha imelipwa.

Hakuna ndoto hata moja katika Maandiko Matakatifu, tangu Mwanzo hadi Mathayo, ambayo Mungu alimtajia mtu jirani yake kuwa mchawi. Mamajusi walionywa juu ya Herode, mwuaji wa kweli mwenye askari. Hata hivyo waliambiwa wapite njia nyingine, hawakuambiwa wamshambulie. Yosefu alionywa juu ya Herode huyohuyo. Akaambiwa amchukue Mtoto na Mama yake akimbilie Misri. Ndoto itokayo kwa Mungu humpa mwotaji kazi. Ramli humpa mwotaji adui.

Kutokana na hayo tunawapa makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo vipimo vinne, vyote vimechotwa katika Biblia.

Kipimo cha kwanza ni Amri za Mungu. Ndoto yoyote inayomtaka mtu amchukie, amfukuze au amdhuru mwenzake imehukumiwa tayari na Amri ya Tano, hata kama mambo mengine yaliyoonekana ndani yake yametimia.

Cha pili ni Kristo. Ufunuo wa Mungu umekamilika ndani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, watufundisha kwamba hatungoji ufunuo mwingine wa hadhara kabla ya kurudi kwake. Ndoto yaweza kutukumbusha Injili. Haiwezi kuongeza Injili ya tano. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2116, yakataza aina zote za ramli na kupiga bao.

Cha tatu ni fedha. Yosefu hakumdai Farao ujira. Danieli, alipoitwa kusoma maandishi ukutani, alimwambia mfalme abaki na zawadi zake. Anayetoza pesa, mbuzi au ng'ombe kwa kufasiri ndoto, iwe ana mkoba wa ngozi au ana Biblia mkononi na kipaza sauti, hayumo katika ukoo wa manabii hao.

Cha nne ni matunda, nayo huonekana katika jumuiya. Danieli alipotakiwa kufasiri ndoto ya Nebukadneza, kwanza aliwaomba wenzake watatu wasali pamoja naye. Tusimwache Mkristo mwenye ndoto nzito aende peke yake usiku. Ameota marehemu? Tusimcheke. Tusali naye, tuwakumbuke marehemu wake katika Misa, tumwulize kama kuna deni, ugomvi au yatima walioachwa bila matunzo. Pengine hapo ndipo sauti ya Mungu ilipo. Ana homa? Aende zahanati. Ametaja jina la mtu? Hapo katekista asilale. Amwendee paroko, awaendee wazee wa jumuiya, na ikibidi afike kwa mamlaka ya kijiji siku hiyohiyo, kwa sababu uhai wa bibi mmoja unaning'inia katika jina hilo.

Na tuongeze hili: kila jumuiya iwafahamu vikongwe wake kwa majina. Mama wa WAWATA wamtembelee mjane anayeishi peke yake, wamchotee maji, waketi naye jikoni. Nyumba inayotembelewa na Wakristo kila juma si rahisi kuvamiwa usiku. Hiyo ni tafsiri ya ndoto ambayo hata mtoto wa Komunyo ya kwanza aweza kuitoa.

Tumtazame tena mtu wa Injili ya leo. Yosefu naye alikuwa na sababu, kwa macho ya kibinadamu, ya kumshuku mwanamke. Sheria ingeweza kumsaidia, na majirani wangemwunga mkono. Ndoto ya Mungu ilimjia ili imwondolee shuku hiyo: usiogope kumpokea. Alipoamka alimchukua Maria nyumbani kwake, na chini ya paa lile Mwokozi wa ulimwengu akapata mahali pa kukua. Katika juma hili linalotufikisha Noeli, kila mmoja ajiulize ni nani anayemwogopa kumpokea, ni mama gani aliye nje ya mlango wake kwa sababu ya shuku ya usiku. Aamke, kama Yosefu, akamfungulie.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwongoza Yosefu katika giza la usiku, zilinde nyumba zetu zote kandokando ya Ziwa hili. Utuepushe na hofu inayoua, na sauti za wadanganyifu. Utujalie kulisikia Neno lako mchana na usiku, na kulitenda tuamkapo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.